Mayai ya Mama Anita na Stima ya Amerika

Benchi liko mbele ya kibanda cha Kinyua, nyuma ya soko la Mweiga, na birika la kahawa hukaa katikati. Kinyua hutengeneza redio na pasi, kwa hiyo anaitwa Fyuzi. Hezekiah, dereva mstaafu wa lori la maziwa, anaitwa Bunge kwa sababu hoja haipiti bila yeye kuchangia. Jesse, muuza mbegu za viazi, ni Gugo. Simu haimtoki mkononi. Alhamisi asubuhi alikuja Wacera, mama yake Anita, na sanduku la plastiki na kikapu cha mayai. Sanduku ni mashine ya kuangulia vifaranga, zawadi ya Anita kutoka Amerika. Mayai yalikuwa yamekaa wiki nzima. Kuku walioyataga wameuawa na ugonjwa wa kideri, wote.

— Fyuzi, nisomee hapa nyuma. Nichomeke ama nisichomeke?

— Usichomeke, Mama Anita. Imeandikwa volti mia moja na ishirini. Yetu ni mia mbili na arobaini. Utakaanga hiyo mayai.

— Si stima ni stima?

Bunge aliweka kikombe chini.

— Ati stima ni stima! Hata maziwa ni maziwa, lakini kuna ya ng'ombe na kuna ya kuongezwa maji. Amerika wanaongeza maji.

— Waongeze maji na wako na pesa?

— Ndiyo maana wako na pesa.

Gugo alisoma kwenye simu.

— Hapa wanasema Amerika walianza mapema, na balbu za volti mia moja na kumi. Nyumba zikajaa, kubadilisha ikawa ngumu. Ulaya wakapandisha ndio watumie waya nyembamba. Waingereza wakatuletea hiyo yao.

— Hiyo ni ya simu, Bunge alisema. Simu haijawahi kuendesha lori. Sikiza. Stima inatoka huko chini, kwa mabwawa ya Tana. Mpaka ifike Mweiga imepanda mlima. Lori ikipanda inataka nguvu mara mbili. Mchumia juani hulia kivulini.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imepanda mlima pia.

— Na Mombasa, kwa bahari, ni ngapi? Gugo aliuliza.

— Gugo, wewe ndiye uko na simu.

— Ni mia mbili na arobaini.

Bunge alikunywa kahawa kwanza.

— Huko inateremka. Gari ikiteremka bila breki, hiyo si nguvu?

Fyuzi alitikisa kichwa.

— Ni baridi. Wazungu walikuwa wanaganda hapa. Walitaka maji ya kuoga ichemke haraka, wakaweka kubwa.

— Na Amerika hakuna baridi? Gugo aliuliza.

— Kuna baridi, lakini kuna wezi, Bunge alidakia. Waliweka ndogo, ndio mtu akiiba waya asikufe, afike kotini. Mkono mtupu haulambwi.

Wacera aligonga sanduku kwa kiganja.

— Mimi sijauliza Mombasa. Sijauliza wezi. Hii mayai ndiyo kuku yangu yote. Fyuzi, si uko na ile kitu ya kupunguza stima?

— Niko nayo, lakini ni ya redio. Hii ni ya kupasha joto, itaichoma. Kubwa iko Nairobi, labda ifike Jumatatu.

— Jumatatu itakuwa imeoza.

— Mwambie Anita atume mashine ingine kama hii, Bunge alisema. Tunafunga mbili pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanamke mmoja alisimama mbele ya kibanda. Alikuwa Watiri wa Endarasha, aliyeacha redio yake hapo siku iliyotangulia.

— Habari zenu. Redio yangu iko tayari?

— Bado, mama, Fyuzi alisema. Stima imepotea tangu jana jioni. Siwezi kuchomelea.

Watiri alitazama sanduku, kisha kikapu.

— Na hiyo mashine ni ya nini?

— Ya kulalia mayai, Gugo alisema. Inatumia stima.

— Sasa stima ikipotea, mayai inalaliwa na nani?

Gugo alitazama simu yake. Fyuzi alitazama waya ulioning'inia kwenye nguzo. Bunge alijimiminia kahawa.

Wacera alisogea kwenye benchi, akampa Watiri nafasi.

— Dada, kwako kuna kuku inalalia?

— Ziko mbili. Moja imelalia mawe, imekataa kutoka.

— Tutagawana vifaranga?

— Kwetu ni nusu kwa nusu.

— Hata kwetu. Twende sasa hivi.

Alinyanyua kikapu kwa mikono miwili.

— Mama Anita, na mashine? Fyuzi aliuliza.

— Wachia Bunge ailalie. Yeye ndiye hapotei hapa.