Mama Kamba na Daftari la Jezi Zilizochanika

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kufua, kushona na kutunza jezi za klabu yetu, Mama Kamba anastaafu rasmi Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu. Jina lake kamili liko kwenye faili la utawala, na huenda karani wa utawala ndiye peke yake anayelikumbuka. Sisi wengine tunamjua kwa zile kamba sita za kuanikia alizozifunga nyuma ya jukwaa wiki yake ya kwanza kazini, ambazo mpaka leo hakuna anayethubutu kupita karibu nazo akiwa na sigara.

Alianza na makarai mawili, bomba moja linalovuja na chumba kilicho chini ya ngazi za jukwaa. Mashabiki wakirukaruka, vumbi lilimdondokea kichwani, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba tumefunga, maana mechi zenyewe hakuwa na nafasi ya kuzitazama. Mashine ya kufulia ililetwa mwaka wake wa kumi na moja. Aliipokea kwa heshima zote, akaifunika kitambaa, na kwa miezi mitatu akaitumia kama meza ya kupigia pasi.

Chumba kile kilikuwa na sheria yake. Kila mchezaji, awe nahodha awe wa akiba, alipeleka jezi yake kwa mkono wake mwenyewe, imegeuzwa upande wa nje, akaiweka mezani. Hapo Mama Kamba alimwuliza swali moja tu: umeumia wapi? Ukijibu kwamba hujaumia popote, hakubishana nawe. Alinyamaza, akakutazama, mpaka ukasema. Kisha alifungua daftari lake la kurasa mia na ishirini na kuandika tarehe, timu tuliyocheza nayo, namba ya jezi na mahali ilipochanika au kuvutwa. Alisema anataka kujua uzi wake unashindwa wapi.

Daftari hilo liliwaumbua wengi. Kuna kipa aliyefungwa mabao manne akarudisha bukta safi. Mama Kamba alimrudishia papo hapo, akamwambia hapo hapana cha kufua. Kuna kiungo aliyechechemea mguu wa kushoto wiki nzima ili akwepe mazoezi, kumbe soksi yenye damu ilikuwa ya kulia. Wote wawili walikuja kuwa marafiki zake wakubwa, baada ya kununa kidogo.

Lakini ukimwuliza yeyote aliyekuwapo, atakurudisha kwenye msimu wake wa kumi na nne. Mwaka ule uongozi ulitangaza kwamba timu ikishuka daraja itavunjwa. Katikati ya msimu tulikutana na timu yenye mabeki wawili wa kati ambao mashabiki waliwaita Geti na Kufuli. Hawakuwa na mbio, ila walikuwa na mabavu. Walikushika kiuno, wakakukanyaga kisigino, wakakuegemea mpaka ukasahau ulikotaka kwenda. Tulifungwa mbili bila, na jezi tano zikarudi zimechanika.

Mama Kamba alilichukua jambo hilo kama tusi kwake binafsi. Alinunua uzi wa nailoni, ule wa kushonea mabegi, akapitisha mshono mara mbili kwenye kila jezi ya mshambuliaji. Hazikuchanika tena. Alitembea kwa maringo wiki tatu, huku timu nyingine nazo zikiwa zimeshajifunza kutukaba kama walivyofanya Geti na Kufuli.

Kosa lake aliligundua kwa mshambuliaji mmoja mwembamba aliyeitwa Kijiti. Ndiye anayeandika makala haya, kwa hiyo asamehewe akionekana kuegemea upande mmoja, na pia asitazamwe tumbo, kwani jina lile alipewa zamani. Kijiti alifika chumbani akiwa hawezi kuinua mkono wa kulia. Beki alimvuta jezi kutoka nyuma, jezi ikagoma kuchanika, na bega ndilo likachomoka. Refa hakuona kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Siku ile Kijiti hakusubiri swali. Aliiweka jezi mezani na kusema kwamba hataivaa tena, bora aende akatafute kazi ya kukaa kwenye kiti.

Mama Kamba aligeuza ile jezi mara mbili, akaona mshono wake ulivyo mzima, akakaa chini. Alimwambia Kijiti kwamba huo uzi ndio uliomwumiza, na aliyeutia ni yeye. Alimwomba radhi, tena mara moja, bila kuzungukazunguka. Halafu akamwomba asiseme neno kwa mtu mpaka siku ya Jumatatu, akaenda na daftari lake nyumbani.

Jumatatu alibisha hodi ofisini kwa kocha. Kocha wetu wa enzi zile hakuwa mtu wa kushauriwa. Hata daktari, kocha alimsikiliza huku anatazama saa. Mama Kamba alilifungua daftari mbele yake, akamsomea. Tangu msimu uanze, jezi za washambuliaji zilikuwa zimevutwa au kuchanwa mara arobaini na moja. Thelathini na nane ni mgongoni na kiunoni. Tatu ni kwenye mikono. Kifuani hakuna hata moja. Alimwambia kocha kwamba yeye hajui mpira, anajua nguo tu, na nguo zinasema vijana wake wanakamatwa wakiwa wameligeuzia goli mgongo, wamesimama, wanangojea kuletewa mpira mrefu. Anayekuja mbio uso kwa uso hajawahi kushikwa.

Kocha aliligeuza daftari upande wake, akasoma mwenyewe. Kisha akamwomba amwachie daftari mpaka kesho yake.

Wiki iliyofuata mazoezi yalibadilika. Mipira mirefu ilipigwa marufuku. Mshambuliaji wetu mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama katikati na kupigana na mabeki, aliambiwa ahamie pembeni ili amvute mmoja wao amfuate huko. Viungo walifundishwa kugongeana pasi kwa mguso mmoja, mpira uondoke kabla mwili wa mpinzani haujafika. Kijiti, bega likiwa limefungwa bandeji, alirudishwa nyuma hatua kumi na tano, ili kila akipokea mpira awe anatazama goli na tayari yuko mbioni. Na wote wakaapishwa kwamba ukipigwa kiatu unainuka, unaendelea, hugombani na mtu. Mwenye nguvu hupenda sana umjibu kwa nguvu.

Mama Kamba naye alifanya yake. Aliufumua uzi wa nailoni wote, akashona upya kwa uzi wa kawaida, na akazipunguza jezi kiunoni hadi pasibaki pa kushika. Kijiti alihitaji watu wawili kumvua.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya Geti na Kufuli wale wale, na tulihitaji ushindi ili tubaki. Kipindi cha kwanza walitukimbiza kutafuta miili ya kugonga, wakakuta mpira umeshaondoka. Geti alimfuata mshambuliaji wetu mkubwa pembeni, akaacha uwazi aliokuwa hajawahi kuuacha. Kufikia dakika ya sabini walikuwa wanahema, mikono kwenye magoti, lakini ubao ulikuwa bado sifuri kwa sifuri, na kwetu sare ilimaanisha kuvunjwa.

Dakika ya themanini na moja, pasi ya kupenyeza ilimkuta Kijiti yuko mbioni ndani ya eneo la hatari. Kufuli alichelewa, akanyoosha mkono, akapata kipande kidogo cha bega. Mshono ukaachia kuanzia begani hadi kiunoni, na refa akamkuta ameshika kitambaa. Penalti.

Mpigaji alikuwa Kijiti, ila hakuruhusiwa kupiga na jezi iliyopasuka. Hapo ndipo Mama Kamba alipotoka chini ya jukwaa, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, akiwa na eproni yake yenye mapovu, jezi ya akiba mkononi, imegeuzwa upande wa nje. Alimvalisha mwenyewe kwa sababu ya lile bega. Kijiti alifunga. Mama Kamba alikuwa ameshageuka kurudi kazini, kwa hiyo bao alilijua kwa vumbi, kama kawaida yake.

Timu haikuvunjwa. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tuna kazi leo kwa sababu hiyo, na Kijiti alicheza miaka saba zaidi kabla ya kupata ile kazi ya kukaa kwenye kiti.

Ijumaa iliyopita Mama Kamba alikabidhi chumba. Aliiweka eproni yake mezani, imegeuzwa upande wa nje, imekunjwa vizuri. Kijiti alikuwapo, akamwuliza swali lake mwenyewe: umeumia wapi? Mama Kamba alicheka, akasema hajaumia popote. Basi Kijiti naye akanyamaza, akamtazama. Hatimaye Mama Kamba alinyoosha mikono yote miwili juu ya ile eproni. Vidole vimevimba kwenye viungo, viwili havikunjiki tena. Alisema vilianza kumwuma mwaka wake wa kumi na sita kazini.

Tuliulizwa swali lile kila wiki kwa karibu miaka thelathini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumgeuzia. Tunaona aibu, na tunamwomba radhi kama alivyotufundisha, mara moja, bila kuzungukazunguka.

Mama, tunakushukuru kwa kila mshono, na kwa ule mmoja ulioufumua. Jumanne saa nne asubuhi daktari wa viungo wa klabu anakungoja, na kila Jumanne baada ya hiyo. Usipotokea, timu nzima itakufuata nyumbani. Uishi vyema, na kuanzia leo nguo zako wafue wengine. Jibu lako tumeshaliandika kwenye daftari lako, chini ya tarehe ya Ijumaa ile: mikono, yote miwili.