Jogoo Asiye na Sababu

Kijiwe cha Mumbuni ni ubao mmoja tu kando ya kibanda cha Kanini, muuza kahawa ya tangawizi, na hukaliwa na mabingwa wa mambo ya Mungu ambao kanisani huonekana Krismasi na matangani. Jumatatu hiyo walikuwa watatu. Urbanus huitwa Wakili, ingawa kortini alienda kama mshtakiwa. Bonface ni Daktari, kwa sababu aliwahi kufagia zahanati. Wa tatu ni Musili, Supavaisa, aliyepata cheo hicho kiwandani Athi River mwaka jana na hajacheka vizuri tangu siku hiyo. Yeye ndiye aliyeleta habari: jana, kwao Kalama, mzee Ndeti alipeleka jogoo wa shukrani kanisani, na katibu alipofungua daftari aandike sababu, sababu ikakosekana.

— Jogoo mzima! Musili alisema. Katibu anamwambia, mzee, watu wanashukuru mtoto akipita mtihani, ama operesheni ikienda poa. Wewe je? Naye mzee ati, "Andika tu asante."

— Hiyo kesi haiwezi simama, alisema Wakili. Ndengu yake imekauka shambani misimu miwili, bibi yake ni kipofu. Huyo amelipwa fidia ya barabara.

— Barabara gani inapita kwake? Daktari alimkata. Mimi nimefanya hospitali. Huyo mama anaona! Anajifanya ndio aletewe unga.

— Asi! Kanini alimkemea. Huyo Kaluki, bibi yake, alishika hii jiko yangu juzi akaungua. Na kuungua pia anajifanya?

— Basi ni mawe ya kijani, yale ya thamani, alisema Wakili. Yako chini ya choo. Wanunuzi wanakuja na helikopta.

— Hatujaisikia, alisema Daktari.

— Wanazima injini wakikaribia.

Musili alijilazimisha kucheka kuwashinda wote, lakini moyoni aliomba mawe hayo yawe kweli. Miaka minne bila kazi alifunga na kuomba hadi suruali ikamvuka, akimwahidi Mungu kwamba akipata kazi atatulia. Kazi ilikuja, utulivu haukuja. Kama Ndeti ametulia bila kupata chochote, basi yeye Musili alikuwa amefukuzia kitu kisichokuwepo. Wazo hilo lilimuuma, na alimchukia mzee wa watu kwa ajili yake.

Ndipo Ndeti mwenyewe akatokea, mtu ambaye hajawahi kukalia ubao ule, akaagiza kikombe.

— Keti, ndugu yangu, mwana wa mwaitu, alisema Wakili. Tuambie ukweli. Ulipata nini?

— Sijapata kitu.

— Mama anaona? aliuliza Daktari.

— Haoni. Tuliomba, tukalia. Mimi nilikasirikia Mungu, mwaka mzima sikukanyaga kanisa. Halafu asubuhi moja Kaluki anachambua maharagwe na vidole, anaimba. Nikamuuliza unaimbia nini na hii giza. Akaniambia, "Niko na Yesu, Ndeti. Yeye hajaenda." Nikaona haya. Nikashika jogoo.

— Hiyo ni kujidanganya! Musili alifoka. Mtu akikosa ndio anasema ametosheka!

— Inaweza kuwa. Ndeti alipuliza kahawa yake. Na wewe kazi ulipata. Imebaki nini ndio utulie?

Wenzake waligeuka wakamtazama. Jibu lilikuwa rahisi, na Musili alilianza kwa kujiamini.

— Gari.

— Halafu?

— Nimalize nyumba. Niweke geti.

— Halafu?

Ndeti aliuliza kwa upole, akitaka kujua kweli. Musili alimtazama Wakili, na Wakili akainamia kikombe chake. Daktari naye alikumbuka kufunga kamba za viatu. Aibu ilimjaa Musili hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza pale kijiweni hakuona mtu ambaye yeye angeweza kumcheka.