Paja la Mbuzi na Simu Isiyongoja

Simu ilimwaibisha Gregori mchana kweupe, kikombe kikiwa mdomoni. Ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yake ya kuzibia pancha, naye ameketi kwenye benchi la kijiwe cha Kabuku, lile la ubao uliong'olewa kwenye bodi ya fuso, akiwasimulia wenzake kwa mara nyingine jinsi alivyolala Lubumbashi chini ya trela la shaba, hadithi iliyompa jina la Lubumbashi. Pale kijiweni lori likipita kwenda Segera au Chalinze, msemaji huachia sentensi katikati, akangoja mngurumo uishe, akaendelea palepale. Basi lori likapita, Gregori akanyamaza mdomo wazi, na mngurumo ulipokatika aliyeendelea hakuwa yeye. Simu ilisema, kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka: "Mama mkwe anasema: Nimeupata ujumbe wako. Nakuja."

Benchi zima likageuka.

Hansadi: Ujumbe gani?

Huyu ni Semboja, mzee wa ubishi. Aliitwa Hansadi kwa sababu hasahau neno ulilosema, hata ulilosema usingizini.

Gregori: Sijamtumia mama mkwe ujumbe wowote.

Hansadi: Yeye anasema ameupata. Soma.

Gregori akafuta vidole kwenye ovaroli, akafungua simu. Uso ukamshuka kama tairi lililokanyaga msumari. Akasoma kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu:

"Mke wangu, nimepata paja la mbuzi. Mama yako asijue, akija atakaa mpaka mahindi yakauke."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu aliangalia ndani ya kikombe chake, na Dokta akautoa mdomoni ule mti wa kuchokolea meno aliokuwa nao tangu jana.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Gregori ni mjukuu wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, alioa kijijini Kwaluguru, na huko mama mkwe humtazami usoni, humpi mkono, hukai naye jamvi moja. Josefina, mkewe, alishamwambia jikoni bila kupandisha sauti: siku utakayomvunjia mama yangu heshima, utarudi nyumbani ukute jiko na paka. Na Gregori alimpenda sana Josefina. Yeye na paka hawakuelewana.

Dokta: Sasa ilikuwaje, Lubumbashi? Ulilewa?

Dokta ni Iddy, anauza dawa za mifugo. Hakusomea, ila mbuzi hawajawahi kulalamika.

Gregori: Mimi mikono yangu saa zote ina grisi. Nikaifundisha simu. Nikisema na mdomo, kuna kazi humu ndani nimeipa jina Meseji, inaandika maneno yangu. Hiyo Meseji inaiita kazi nyingine, inaitwa Jina. Jina inakwenda kutafuta namba ya mtu, inarudi nayo, Meseji inatuma.

Hansadi: Kazi inaiita kazi. Kwa mdomo gani?

Gregori: Ndivyo ilivyo, mzee. Kazi moja inaipa nyingine sehemu ya shughuli.

Hansadi: Sikubali. Tuoneshe hapahapa.

Gregori, ambaye amevuka mipaka kadhaa na hakuna hata mmoja uliomfundisha kumshinda Hansadi kwa maneno, akasimama. Akamweka Hansadi awe Meseji. Dokta akawa Jina. Ukasha, mwenye birika la kahawa, akawa kitabu cha namba. Ukasha hakuulizwa kama anataka.

Gregori: Wewe Hansadi unataka kunywa kahawa. Mwite Dokta akuletee.

Hansadi: Dokta, kanichukulie kahawa.

Dokta akainuka, akaenda upande wa Ukasha, magoti yakilia. Hansadi akabaki amenyoosha mkono wazi.

Gregori: Sasa kunywa.

Hansadi: Ninywe nini, hajarudi.

Gregori: Simu yangu haikujua kungoja. Kunywa.

Hansadi, mbishi lakini mtii wa mashindano, akapapasa benchini, akashika kikombe cha kwanza alichokigusa, akapiga funda. Akatema.

Hansadi: Hiki cha nani?

Dokta: Changu. Cha asubuhi. Nilitumbukizia ule mti wa meno.

Gregori: Basi ndicho kilichonipata. Meseji iliiita Jina, haikuingoja, ikashika namba iliyobaki toka Jumapili. Na Jumapili nilimsalimia nani? Mama mkwe. Kuna kisanduku cha kutiki kimeandikwa "ngoja". Sikukitiki.

Hansadi alisukutua na kahawa ya Ukasha, safari hii ya kwake mwenyewe.

Hansadi: Kwa hiyo kosa ni la aliyetuma au aliyetumwa?

Dokta: La aliyetumwa. Umeiita bila adabu. "We Jina, njoo." Hata mimi ningechelewa makusudi. Hizo kazi ziko ndani ya simu usiku na mchana, zinazoeana, zinajuana nani mkubwa. Inayoitwa inataka kwanza ipewe shikamoo.

Ukasha: Na kama ni rika moja?

Dokta: Zipeane mambo, poa, halafu ifanye kazi.

Hansadi: Mimi naona humo ndani kuna kijiji. Kina mwenyekiti, kina mgambo. Lubumbashi kajaza watu kwenye simu, hakuwajengea choo, sasa wamegoma. Ungesikiliza vizuri ungewasikia wanafanya mkutano.

Dokta akaiweka simu sikioni. Akasikiliza kwa makini.

Dokta: Wamenyamaza. Wanajua tupo.

Gregori: Jamani, mama yupo njiani. Nifanyeje?

Dokta: Dawa ya kupe ni kumuogesha ng'ombe tena. Tengeneza kazi ya kuomba radhi.

Lilionekana wazo zuri, kama mawazo yote ya pale kabla hayajajaribiwa. Gregori akainama juu ya simu, Dokta akimshikia kivuli kwa kofia. Ikazaliwa kazi inayoitwa Radhi. Radhi itaiita Meseji, Meseji itaiita Jina, na safari hii "ngoja" imetikiwa kote. Gregori akabonyeza. Simu ikatulia, ikangoja kama mtoto wa ukweni anayengoja kukaribishwa chakula. Halafu ikasema: "Ujumbe umekwenda kwa mama mkwe."

Dokta: Umeona.

Hansadi: Soma ulichotuma.

Gregori akasoma. "Mke wangu, nimepata paja la mbuzi. Mama yako asijue..."

Alifumba macho. Radhi ilikuwa imeiita Meseji vizuri kabisa, kwa utaratibu na uvumilivu, ila hakuna aliyeipa Meseji maneno mapya ya kusema. Ikasema yaleyale iliyokuwa nayo.

Simu haikuchelewa. "Mama mkwe anasema: Nilielewa mara ya kwanza."

Likapita lori. Hakuna aliyekuwa na sentensi ya kuachia.

Hansadi: Mimi nauliza, hiyo ya kwanza kabisa inaitwa na nani?

Gregori: Ninaiita mimi.

Hansadi: Na wewe unaitwa na nani? Nani kakuita hapa kijiweni leo?

Gregori akafikiri. Hakumkumbuka.

Hansadi: Umeona? Sisi wenyewe tunaitwa. Kuna mtu mahali anabonyeza, Semboja anainuka Kabuku, anakuja kubishana. Labda huyo mtu yuko Kwedizinga, analima tu, wala hajui kama anatubonyeza.

Ukasha: Akiacha kubonyeza?

Hansadi: Utalala na birika lako mkononi mpaka akumbuke.

Dokta aliangalia mikono yake, kwa mashaka, kama ya kuazima.

Dokta: Mimi nakumbuka aliyeniita. Mke wangu kanituma chumvi. Asubuhi.

Ukasha: Bado anakungoja?

Dokta: Yule alitiki. Mboga iko jikoni, anangoja.

Lakini hakuinuka, maana bodaboda ilikuwa imesimama ng'ambo ya barabara, na aliyeshuka alikuwa Bibi Yasinta, mama yake Josefina. Alivuka lami bila kukimbia, lori likampisha. Gregori akainamisha kichwa kama inavyopasa, hivyo akaona vitu viwili tu: kandambili za buluu, na begi la nguo lililojaa mpaka zipu imeng'ang'ana. Begi la mtu wa kukaa mpaka mahindi yakauke.

Benchi zima: Shikamoo mama.

Bibi Yasinta: Marahaba. Mkwe, hujambo?

Gregori: Sijambo, mama. Mama, kuhusu ule ujumbe...

Hansadi: Mama, kijana huyu hana kosa. Ni kazi iliyoita kazi. Moja haikungoja. Hata mimi nimenyweshwa mti wa meno hapa, shahidi Ukasha.

Dokta: Na haikupewa shikamoo, mama.

Bibi Yasinta aliwasikiliza mpaka mwisho. Kandambili hazikusogea.

Bibi Yasinta: Nimewasikia. Hilo paja la mbuzi liko wapi?

Gregori alizidi kuinama. Paja alipewa jana na mfugaji aliyezibiwa gurudumu la pikipiki. Akamtumia Josefina ujumbe huko Korogwe alikopeleka machungwa, akangoja jibu, jibu halikuja, na wazee wa kijiwe wakamshauri kwa huruma kwamba nyama haingoji. Walilichoma nyuma ya kibanda cha pancha, kwenye jiko la Ukasha. Josefina aliporudi jioni akapikiwa dagaa.

Hansadi, asiyesahau neno, akageukia barabara. Dokta akajikuna shingo. Ukasha akainamisha birika juu ya kikombe safi cha kumkaribishia mama. Likatoa tone, kisha masimbi ya kahawa.

Gregori: Mama, lililiwa.

Bibi Yasinta: Na nani?

Gregori, macho yakiwa chini, aliona miguu ya wenzake ikijivuta taratibu chini ya benchi, jozi kwa jozi.

Bibi Yasinta akaweka begi katikati ya ubao, akaketi. Hansadi na Dokta wakasimama kumpisha, wakabaki wamesimama kama wanafunzi waliochelewa.

Bibi Yasinta: Josefina sijamwambia. Nendeni wote mkalete jingine. Mimi nangoja hapa.