Babu Tindikali na Mashine Aliyoishuku

Tarehe thelathini Juni, Babu Tindikali anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika karakana yetu ya vibati vya taa za jukwaani. Kibati ni duara jembamba la chuma lenye matundu. Kikiwekwa mbele ya taa, jukwaa hupata madirisha, mawingu au mvua.

Yeye alivitengeneza kwa tindikali. Alikipaka kibati dawa ya kukinga, akakwangua picha, akakizamisha kwenye beseni, na tindikali ikala palipoachwa wazi. Mvuke wake ulimla na kifua pia. Kikohozi chake kilifika ofisini kabla yake, naye alikifanyia mzaha kuliko sisi sote.

Mashine ya leza ilipoletwa, aliitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Kazi isiyonuka aliitilia shaka. Binti yake, ambaye ndiye fundi wetu wa leza, alimweleza kwamba haihitaji dawa wala beseni, na kibati huwa tayari kabla chai haijapoa. Babu alikipima kila kibati kwa lenzi, akakigeuzageuza mbele ya balbu akitafuta kosa. Hofu yake ilijulikana: mashine ikishindwa, binti angerudishwa kwenye ule mvuke.

Kisha ukumbi mmoja wa michezo ukaagiza msitu. Babu alichora kwa mkono wake, mashine ikakata. Taa ilipowashwa, ukutani palitokea majani membamba kama sindano. Fundi umeme wa karakana akauliza kama mashine imefunga saumu. Babu akasema alijua tangu mwanzo kuwa itashindwa, lakini hakuonekana kufurahi.

Binti aliitazama michoro kwa muda.

"Baba, mbona majani umeyachora membamba hivi?"

"Si tindikali itayapanua?"

"Tindikali ipi, Baba?"

Babu akacheka mpaka akakohoa. Tindikali hula na pembeni, kwa hiyo miaka yote alichora kila tundu dogo kuliko alivyolitaka. Mashine haikupunguza wala kuongeza; ilikata ilichopewa.

Alichora upya, kwa upana wa kweli. Safari hii msitu ulitoka na vishipa vya majani ambavyo beseni lilikuwa likivimeza siku zote. Babu alilinganisha kibati cha kwanza na cha mwisho vya msitu huo mpya, akarudia, akampa fundi umeme naye atafute tofauti. Hawakuipata.

Siku iliyofuata alimwomba meneja awaite wanaoteketeza kemikali waje kuchukua tindikali yote. Alisimama mlangoni mpaka pipa la mwisho likapakiwa, akahakikisha gari limeondoka, ndipo akasaini barua yake ya kustaafu.

Asante, Babu, kwa misitu, mawingu na mvua zote. Tunakuombea siku nyingi za hewa safi. Binti yako yuko salama; nenda ukapumzike.