Aliyebaki Mpaka Mwisho

Bibi mmoja alikaa nyuma ya mwigizaji na binti wa mtunzi wa mchezo kwenye basi, sikio kalitega bila aibu. "Dada," mwigizaji alikuwa akilalamika, "jana jukwaani nimewapa watu mgongo saa nzima, sisemi neno! Wamezoea vichekesho vya mzee wako, wasitoke kwa nini?"

Binti wa mtunzi akakumbatia chupa ya chai. "Baba yuko hoi hospitalini, na mchezo huu ndio anaouona wa maana kuliko yote. Atauliza tu nani alibaki mpaka mwisho."

"Mwambie ukumbi ulijaa."

"Nikidanganya ananijua. Nimtaje mfagiaji?"

"Yule alikuwa anasubiri tutoke afagie."

Bibi, asiyewahi kukanyaga ukumbi wowote, alitamani kusema alikuwepo. Basi likasimama mbele ya hospitali.

"Dada, tumefika."

Binti hakuinuka.