Ignas Mkude na Kandambili Iliyobaki Bombani

Baada ya miaka thelathini na mmoja na malori ya kampuni yetu, Ignas Mkude anastaafu tarehe 30 Juni. Sauti yake itapumzika, na masikio ya walinzi wa getini pia.

Aliajiriwa kama utingo, akapanda kuwa dereva. Hakuna aliyemshinda kushusha lori la ndizi kutoka milimani Kinole barabara ikiwa tope tupu, huku akiimba nyimbo za kwaya peke yake, sauti zote nne.

Tulitaka kuishia kwenye sifa hizo, yeye akakataa. "Mkiacha ule ugonjwa," alisema, "mtakuwa mmemwandika Ignas mwingine."

Basi tunaandika. Ignas alikuwa mnywaji, na hakunywa kidogo. Miaka sita iliyopita miguu ilianza kumfa ganzi. Asubuhi moja alivuka yadi nzima na kandambili moja mguuni. Ya pili ilibaki bombani, naye hana habari. Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka, kwa sababu nyumbani nako nguvu za kiume zilikuwa zimemwishia. Alinunua unga wa mizizi kule mtaa wa Mwembesongo, akaambulia kuharisha. Mkewe, Juliana, akaamini kuna mwanamke mwingine, akafungasha mizigo arudi kwao Matombo.

Ndipo siku moja Ignas alikanyaga breki asiihisi, lori likaparamia ukuta wa karakana. Hakuna aliyeumia, ila aliogopa kweli. Akamsihi Juliana amsindikize kliniki kabla hajaondoka. Muuguzi Jesca akampima, sukari ikakutwa juu. Aliwaeleza wote wawili kwamba pombe na sukari vimeharibu mishipa ya fahamu, ya miguuni na ya kule kwingine.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke?" Juliana aliuliza.

"Wa nini, mama, kwa hali hii?" Jesca alijibu. Hata Ignas alicheka. Mizigo ikafunguliwa.

Kuacha pombe kulimtesa. Alirudia mara mbili, na mara zote Juliana alimfuata kilabuni. Alianza dawa za sukari, na daktari akamwandikia na nyingine za chumbani. Ganzi imepungua, haijaisha. Kuhusu yale mengine, mwenyewe husema, "Si kama zamani, lakini hatulalamiki."

Usukani aliuacha, akawa msimamizi wa yadi. Kila dereva mpya alisimuliwa habari hii wakati wa chai, atake asitake. Mwanzoni vijana walimkimbia na vikombe vyao. Baadaye wakaanza kumjia mmoja mmoja, kila mtu akidai anauliza kwa niaba ya "rafiki yake". Ignas aliwasindikiza hao marafiki wote kwenda kupima.

Asante, kaka, kwa mizigo uliyofikisha salama, na kwa kulisema lile ambalo wengi wetu tungekufa nalo. Wewe na Juliana tunawatakia siku njema, na usiku mwema zaidi.