Kidoti Kimeganda Wawa

Kijiwe chetu kina hita. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu ndilo linalotuweka pale: benchi moja refu ndani ya jengo la maduka la Dixon, kati ya mashine za kufulia na kinyozi, na nyuma yake bomba la joto. Mwenzetu Askari, ndilo jina lake si kazi yake, huleta kahawa ya tangawizi kwenye chupa yake kubwa, maana ya dukani anaiita maji ya kuoshea masufuria. Jumatano ile asubuhi theluji nje ilifika magotini, na sote wanne tulikuwa tumeinamia simu ya Onyango. Mwenzetu Ildefonce, tunayemwita Kimya, alikuwa ameondoka Jumanne alfajiri, peke yake, na gari la kukodi, kwenda Edmonton, mbali huko magharibi, kwenye arobaini ya Hyderali. Hyderali alikaa nasi benchi hili miaka kumi na moja kabla ya kuhamia huko kwa mwanawe. Arobaini ni Jumamosi. Na kidoti cha Kimya, kile kinachoonyesha alipo kwenye ramani ya simu, kilikuwa kimeganda Wawa, mji mdogo wa njiani, robo tu ya safari, tangu jana jioni.

Onyango: Buda, bado kiko palepale. Saa kumi na sita sasa! Nimempigia mara tatu, simu hailii.

Ramani: Nilimwambia! Nilimwambia asizunguke lile ziwa kubwa kwa juu. Haraka haraka haina baraka.

Askari: Lakini alikwenda polepole.

Ramani: Basi na polepole haina baraka. Huku baridi ikiingia methali zinabadilika.

Ramani jina lake ni Ghulamabbas. Aligawa vifurushi kwa gari miaka minane, na mbali kabisa alikowahi kufika ni Barrie, mwendo wa saa moja. Lakini ukimuuliza njia ya mbinguni atakuelekeza mpaka taa za barabarani.

Onyango: Tufikirie kama watu wazima. Mwanaume anaganda mji mmoja saa kumi na sita? Kuna mtu anampikia.

Askari: Kimya huyu huyu?

Onyango: Si ndio hao! Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Askari: Astaghfirullah. Mtu anakwenda kwenye arobaini, wewe unamtafutia mke. Mimi nasema kagonga yule mnyama wao, yule mwenye pembe pana kama kochi.

Ramani: Angemgonga angeganda porini, siyo mjini. Hebu tazameni akili. Mtu mmoja, gari kubwa vile, la nini? Anahama huyo! Ameshatukimbia, arobaini ni kisingizio tu.

Onyango: Na hata hakuaga! Mficha uchi hazai, bwana.

Askari: Au amekamatwa. Mweusi mmoja, gari kubwa, tupu, katikati ya theluji. Hata mimi nisingemwamini, na jina langu Askari.

Uvumilivu ukaniishia. Nikapiga goti langu kwa kiganja, kahawa ikanimwagikia.

Mimi: Ukaidi huu, jamani! Mtu ana miaka sitini na miwili, kilomita elfu tatu na zaidi, Januari, peke yake! Mtu mzima afanye hivyo kwa nini?

Ramani: Ukaidi.

Askari: Ukaidi mtupu. Penye wengi hapaharibiki neno, yeye kaenda mmoja.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa binti anasubiri nguo zake kwenye mashine. Alikuwa ametuamkia alipofika: anaitwa Prudence, ametoka Kahama wiki tatu zilizopita, na koti alilovaa ni la shangazi yake, mikono imemzidi. Tulikuwa tumekwisha kumsahau.

Prudence: Samahani, wazee wangu. Hilo gari lina viti vingapi?

Ramani akavuta kofia yake chini. Onyango akaanza kuifuta simu kwa shati. Askari akajishughulisha na kifuniko cha chupa.

Mimi: Saba.

Nilijua kwa sababu Kimya alituambia mwenyewe. Wiki mbili nyuma alisimama mbele ya benchi hili, akasema maneno mengi kuliko ya mwaka mzima. “Nimepata gari la viti saba. Twende sote, tupokezane usukani. Hyderali asingetuacha.” Ramani akasema mgongo. Onyango akasema zamu zake uwanja wa ndege. Askari akasema inshallah, kwa ile sauti ambayo sote tunajua maana yake. Na mimi nikasema tutawasiliana. Nilikuwa na likizo ya siku tisa, haikuwa na kazi yoyote. Naona aibu hata kuisimulia.

Prudence akatugeukia. Akatutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu.

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Onyango akaubonyeza, na sauti ya Kimya ikatoka, imekauka kwa baridi.

“Wenzangu, nipo salama. Barabara ilifungwa kwa theluji, na simu ilizimika. Wamefungua sasa hivi, naondoka. Mjane wa Hyderali, Bi Shamshad, amenipigia. Nilikuwa nimemwambia tangu zamani kwamba kijiwe kizima kinakuja, na tangu hapo sijapata la kumwambia. Anauliza tuko wangapi, apate kupima mchele. Nimwambieje?”

Ujumbe ukaisha. Mashine za kufulia zikaendelea kuzunguka. Ramani alikuwa anaangalia viatu vyake.

Askari akainamisha chupa juu ya kikombe changu. Yakatoka matone mawili.

Askari: Kahawa imekwisha.

Hakuna aliyeinuka.

Prudence: Si mumjibu, wazee? Mama wa watu anasubiri.

Kwenye ramani kidoti kikaanza kusogea, taratibu, kuelekea magharibi. Simu ilikuwa katikati yetu juu ya benchi, na hakuna aliyeigusa.